Macho ya Bwana Kabati

Watu wa Rumonge walimwita Bwana Kabati, na mwanzoni hawakumwita hivyo kwa heshima. Mtu mzima mwenye ndevu zake, kazi yake kulinda sanduku refu la mbao lenye milango miwili! Kwa wavuvi hicho kilikuwa kichekesho cha bure. "Kabati iko na miguu ine na haiwezi kukimbia," walimwambia akipita ufukweni. "Sasa unailinda ya nini, bwana?" Aliwatazama tu. Alikuwa na tabia ya kumkazia mtu macho mpaka mtu huyo akumbuke shughuli inayomngoja kwingine.

Macho yale ndiyo ninayotaka kuyasimulia. Wakati ule Mdachi alikuwa anatawala, malale, ule ugonjwa wa usingizi, yameingia kando ya ziwa, na Bwana Kabati alifikishwa mahali pa kuchagua kati ya macho yake na uhai wake. Alichagua macho. Wapo wanaosema mpaka leo kwamba alikuwa mwendawazimu, na wapo wanaomsifu. Mimi nilikuwa karibu naye kuliko wote, nikifundishwa kazi yake, na nikimkumbuka hasira hunishika kabla ya huzuni.

Kabati lenyewe lilikaa katika chumba cha nyuma cha shule ya serikali. Ndani mlikuwa na vitabu vya kusomea, vya hesabu na vya kilimo, magazeti ya serikali yaliyochelewa njiani mpaka habari zake zimeoza, ramani ya kutundika, picha kubwa za ukutani, na taa ya kutupia picha kwenye kitambaa cheupe. Vilikuwamo pia vitabu vichache vya herufi za Kiarabu, vilivyonakiliwa kwa mkono, ambavyo wazee wa Kiislamu wa mjini walivileta kwa sababu mapaa yao yalikuwa yanavuja. Mwalimu wetu hakuvipenda vile, lakini Bwana Kabati aliviweka rafu ya juu kabisa, na mwalimu alikuwa mfupi.

Nilipopelekwa kwake nilikuwa na mke na mtoto. Nilikuwa nimemaliza shule na kurudi kukamua mawese kwa wakwe zangu, na mikono yangu haikutoka wekundu hata nikiisugua kwa mchanga. Mwalimu akaniita, akasema shule inahitaji mtunza kabati wa pili, nikajifunze. Nikafurahi sana. Kazi ya kukaa kivulini na kumpa mtu kitabu, ina nini cha kujifunza? Nilidhani baada ya siku chache nitakuwa bwana mwenye ufunguo.

Bwana Kabati hakuniruhusu kugusa kitabu. Alianza kunifundisha siafu na mchwa. Kila mguu wa kabati ulisimama ndani ya bakuli la udongo lililojaa mawese, ili mdudu asipande, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kubadilisha mawese hayo. Nilimwambia kwamba nilikuja pale kuyakimbia mawese. "Basi yamekufuata," alisema. "Yanakupenda." Huo ndio utani wa kwanza niliowahi kumsikia, na aliutoa bila kucheka.

Baada ya wadudu ukaja unyevu. Masika ya upande ule huingia mpaka ndani ya chumvi. Alinionyesha jinsi ya kufungua kitabu kilicholowa na kukisimamisha kivulini, kwenye upepo, kurasa zimetanuka, na kamwe si juani, kwa sababu jua hukausha kwa haraka na kukunja. Alinifundisha kupika gundi ya unga wa muhogo na kuitia pilipili, mende wasiile. Nilipojisugua jicho kwa kidole chenye gundi ile, nikaruka chumba kizima nikilia, alinitazama kwa utulivu akasema sasa sitasahau kunawa.

Halafu picha. Hapo ndipo nilipoona kwamba yule mtu hakuwa mlinzi wa sanduku. Alitundika picha moja iliyoonyesha mwambao wa ziwa, milima nyuma, nyumba ndogo ndogo, na watu wadogo kama punje za mtama. Akaniuliza ninaona nini. Nikamtajia: ziwa, milima, watu. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia mimi ni kipofu mwenye macho. "Usiulize picha inaonyesha nini. Uliza aliyeichora alisimama wapi." Nikaitazama tena mpaka nikaona: aliyechora alikuwa juu ya meli, mbali, hakuwahi kushuka. Ndiyo maana watu wote walikuwa hawana nyuso. Tangu siku hiyo aliniruhusu kuwaonyesha wanafunzi picha, kwa sharti kwamba nisiwaambie jibu hilo hata wakinuna.

Kupanga vitabu kulikuwa na ugomvi wake. Mwalimu alitaka vipangwe kwa urefu, vionekane vizuri mkubwa wa boma akija kukagua. Bwana Kabati alivipanga kwa watu wanaokuja kuviuliza. Palikuwa na rafu ya wenye haraka, rafu ya wabishi, na rafu ya waliofiwa. Katika rafu ya waliofiwa aliweka kitabu kimoja cha kilimo cha migomba. Nilimwuliza kwa nini. Akasema mtu aliyefiwa hataki kufarijiwa, anataka kuambiwa kesho achimbe wapi. Mkaguzi alipokuja tulivipanga kwa urefu tangu alfajiri, na alipoondoka tukavirudisha.

Na rehani! Kila aliyeazima kitabu aliacha kitu, na si kitu chochote, bali kitu atakachokikosa kabla hajalala. Mvuvi aliacha kasia. Mvutaji aliacha kiko. Mwanamke aliacha mchi wa kinu. Ilikuwa kawaida kuingia chumbani kwetu ukakuta makasia yameegemea ukuta kana kwamba tunauza mitumbwi. Siku moja askari mmoja alitaka gazeti, Bwana Kabati akamwomba aache tarbushi yake. Askari akamcharaza kiboko cha mgongo pale pale. Bwana Kabati akajishika mgongo, akavuta pumzi, akaunyoosha mkono tena kuiomba tarbushi. Askari alitoka bila gazeti, akitukana. Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya ramani na sina haja ya kulificha hilo, kwa kuwa kila mwenye akili angejibanza.

Alikuwa mkali kwa mikono michafu kuliko dhambi nyingine zote. Watoto walionyesha viganja mlangoni, na mwenye uchafu alirudishwa ziwani. Lakini palikuwa na mama mmoja mkamuaji wa mawese, akitoka upande wa Minago, mikono imekolea mafuta mpaka kwenye viwiko. Hakujua kusoma. Aliazima kitabu ili mwanawe amsomee wakiwa wanachemsha ngazi, matunda ya mchikichi. Kwake Bwana Kabati hakusema neno juu ya mikono, alikifunga kitabu katika kitambaa akampa. Nilipomlalamikia kwamba hiyo si haki, alisema, "Mikono ya ule mama haiko michafu. Iko na kazi." Nikaitazama yangu.

Alipenda kusema kwamba anayependa sana vitabu asipewe ufunguo, kwa maana atakaa ndani kuvisoma na watu watagonga mlango bure. Yeye mwenyewe alidai havipendi. Mchana mmoja nilimkuta peke yake anacheka mpaka machozi, kitabu cha hesabu kimefunguka magotini. Alikuwa amekutana na hesabu ya mtu aliyenunua mbuzi, akanunua wengine, akauza baadhi, akanunua tena. "Huyu mutu hana bibi wa kumuuliza hao mbuzi atawaweka wapi?" aliniuliza, akifuta macho. Aliponiona namtazama akakifunga, akaniuliza kama mabakuli yana mawese.

Sasa nifike kwenye malale. Mbung'o walikuwapo siku zote katika vichaka vya mito inayoingia ziwani, na hakuna aliyewajali. Kisha watu wakaanza kulala. Mtu alilala na kijiko mkononi, alilala amesimama shambani, na mwisho aliamshwa asiamke. Mdachi akamleta daktari, tuliyemwita Bwana Mganga kama walivyoitwa wote wa kazi ile, akapiga kambi kilimani juu ya mji. Akapapasa shingo za watu mmoja mmoja. Aliyekutwa na tezi alivishwa kipande cha bati shingoni na kuamriwa aende kambini kudungwa sindano.

Sitamsingizia Bwana Mganga. Nilimwona mwanamke aliyepandishwa kwa machela akishuka kwa miguu yake. Sindano ilisaidia wengi. Lakini wengine, wakishadungwa mara nyingi, walianza kulalamika kwamba nyumba imejaa moshi wakati jiko halina hata kaa la moto. Moshi ule haukuondoka tena. Waliishi, wakawa vipofu.

Waliotii amri mapema kuliko wote walikuwa karani wa boma na mwalimu msaidizi wa shule yetu, kwa sababu ndio walioweza kulisoma tangazo na kuliogopa. Wote wawili walikuwa wateja wakubwa wa kabati, na wote wawili walipofuka katika masika moja. Wavuvi waliokuwa wakimkimbia Bwana Mganga na kujificha kule Magara bado waliona vizuri. Mji ukaketi, ukapima, ukatoa hukumu: vitabu vya Mdachi vinakula macho.

Tulijaribu kuwaeleza. Nilisimama ufukweni nikasema ni sindano. Mzee mmoja wa mitumbwi akanijibu, akishona wavu wake bila kuinua kichwa, "Mutoto wa dada yangu alidungwa, anaona. Hajui kusoma. Karani alidungwa, haoni. Alikuwa anasoma kila siku. Sasa wewe niambie, kijana." Na kweli si kila aliyedungwa alipofuka. Nikarudi shuleni na aibu yangu.

Wakaanza kurudisha vitabu. Hawakuvigusa kwa mikono. Walivishika kwa majani ya mgomba, kama unavyoshika chungu cha moto, wakavitupa kizingitini, wakachukua makasia na michi yao bila hata kuaga kwa neno amahoro. Wazazi wakawatoa watoto. Mke wangu, ambaye si mwoga, alinisubiri siku moja mlangoni na mtoto mgongoni. "Baba Zaina," aliniambia, "rudi kwa mawese. Mikono myekundu haiuwi mutu. Ukikosa macho, huyu nitamulisha na nini?" Nilimwambia nitafikiri. Na bomani nako wakatuma neno kwamba kama hakuna wasomaji, kabati lipelekwe Usumbura na chumba kiwe ghala la chumvi.

Ni katika siku hizo Bwana Mganga alipofika shuleni, akaipapasa shingo ya Bwana Kabati, akamvisha bati.

Alipoondoka tulikaa, yeye kwenye kiti, mimi sakafuni. Alikuwa analigeuza lile bati kidoleni. Nikamwambia siku ya sindano nitamsindikiza mpaka kambini.

"Siendi," alisema.

"Fundi, usipokwenda utakufa."

"Na nikienda, nikapofuka? Karani alipofuka, watu wakasema ni bitabu. Mwalimu musaidizi vilevile. Nikipofuka mimi, mutu wa kabati mwenyewe, nani atafungua kitabu hapa tena? Watoto ya watoto yao watakataa."

"Si wote wanapofuka."

"Siwezi kujaribu."

"Na ukifa, je? Hawatasema vimekuua?"

Akanitazama kwa macho yale. "Batu wanakufa kila siku, bwana. Hakuna mwenye anauliza sababu."

Nilimtukana. Nilimwambia sanduku la mbao halina thamani ya roho ya mtu, na yeye ni mjinga, na kiburi chake kimemfika kichwani kabla ya malale. Alingoja nimalize. Kisha akasema kuna karatasi zimelowa, nizitoe kivulini.

Siku za sindano alijificha, na siku nyingine zote alijionyesha. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya tangu hapo. Alihamishia kiti chake barazani, kando ya njia ya sokoni, akakaa na vitabu magotini mchana kutwa. Mtu akipita alimsomea gazeti akiwa amelinyoosha mbali kwa urefu wa mkono. Wanawake waliokuwa na sindano za kushonea alizichukua akazitunga uzi. Alitazama ziwani, upande wa rasi ya Ubwari, na kutaja ni nani anayekuja kabla mtu mwingine hajauona mtumbwi. Watoto walimjaribu kutoka mbali kwa kuinua vidole, naye aliwajibu. Akawa mchezo wa mji. Mimi niliyejua tezi zilivyokuwa zikivimba chini ya ukosi wa kanzu yake sikuweza kucheka nao.

Yule mama wa mawese ndiye aliyerudi wa kwanza. Alisimama mbele yake barazani, akamwinamia, akamchungulia macho moja baada ya jingine kama anayenunua mbuzi. "Iko mazima," alisema, akaweka mchi wake chini. Baada yake wakaja wawili watatu, kisha watoto, na kasia moja likaegemea tena ukutani. Bomani hawakutaja tena ghala la chumvi. Siku hiyo ya kasia niliona fundi wangu ameinama, nikadhani anasali. Alikuwa amelala.

Tangu hapo alinifundisha kwa pupa. Aliniamsha asubuhi kwa kunigongea, akanitajia mambo yote kwa mara moja: taa ya picha ipozwe kabla ya kufungwa, kitabu cha migomba kina ukurasa uliolegea, mwenye kiko harudishi mpaka atafutwe. Akawa mkali bila sababu, akawa anacheka bila sababu. Alimzomea mtoto mwenye mikono safi. Aliniuliza swali, nikijibu akaniuliza tena lile lile. Nilijifanya ni mara ya kwanza.

Kisha mchana mmoja nilimkuta amepiga magoti mbele ya kabati. Alikuwa ameitia ile picha ya mwambao ndani ya bakuli la mawese, ameikunja vizuri, kwa uangalifu wote. Alikuwa anaitazama. Macho yake hayakuwa na kasoro, aliona wazi alichokifanya, na aliona kwamba hajui amekifanyaje. Akalia kama mtoto aliyepotea sokoni. Nikakaa karibu naye nikalia pia. Baadaye akauvua ufunguo shingoni, ule uliokuwa ukining'inia pamoja na bati, akaniwekea kiganjani, akaenda zake.

Askari walimchukua kwa machela. Bwana Mganga aliniita kambini akaniuliza, kwa Kiswahili chake cha kuchonga, kwa nini mtu yule hakuletwa mapema, maana sasa ugonjwa umeingia kichwani na sindano haitafika huko. Nikamweleza habari ya karani, na ya majani ya mgomba, na ya baraza. Alivua miwani yake akaifuta kwa muda mrefu. 

Shughuli za kabati zilinishika, na kusema kweli kambi ile ilinitisha, kwa hiyo ilipita miezi kabla sijaenda kumwona. Nilimkuta amekaa nje ya kibanda, ameegemea ukuta wa udongo, miguu imekonda kama vijiti vya kuanikia ndagala, dagaa wa ziwa letu. Nyuma yake vipofu wawili walikuwa wamekaa juani wakimenya muhogo kwa kupapasa, wanazungumza na kucheka, wamenawiri. Watu hao walikuwa wamedungwa. Wangeendelea kuishi. Niliwachukia kwa dakika nzima, bila kosa lao.

"Amahoro, fundi," nilimwambia.

"Amahoro," alijibu. Sauti ilikuwa yake. Akanitazama kwa macho makali yale yale, akaona hata kovu jipya kwenye kidole changu, akalionyesha kwa mkono. Nikamwambia ni kisu cha karatasi. Nikamwambia wasomaji wameongezeka, mzee wa mitumbwi mwenyewe amemrudisha mjukuu wake shuleni. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akaanza kuangaza huku na huku, ukutani, mchangani, kwenye bati la shingo, akitafuta kitu, na nikaelewa kwamba anatafuta cha kusoma. Sikuwa nimechukua kitabu. Hatuazimishi kambini.

Nikaokota kaa la mkaa kwenye jiko la wale vipofu, nikaandika juu ya ukuta wa udongo, herufi kubwa, jina lake. Jina lake hasa, lile nililolijua mimi na mwalimu tu. Akajisogeza, akaweka kidole chini ya herufi ya kwanza kama tunavyowafundisha watoto, akalisoma polepole, sauti wazi, mpaka mwisho, bila kukosea hata mahali pamoja.

Akanigeukia.

"Huyu nani?" aliniuliza.

"Ni fundi wangu," nilimwambia.

Akalitazama tena lile jina, akainamisha kichwa kwa heshima, kama mtu aliyetajiwa mgeni asiyemjua. "Mupelekee salamu," alisema.